Debe Nililokatazwa Kulikata

Nina umri wa miaka thelathini na saba, mjane, mama wa watoto watatu, na ninaishi hapa Lodwar. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza vikebe vya bati vya kuwekea wanja na mafuta ya kujipaka. Nasema ilikuwa, kwa sababu mkasi wa bati sijaushika tangu mwaka jana na sidhani kama nitaushika tena.

Wasomaji wenzangu, msianze kunionea huruma. Mikasa mingi ninayoisoma, anayesimulia ndiye aliyetendwa. Mume kamwacha, shoga kamzunguka, ndugu wamemdhulumu... Mimi si hivyo. Mimi ndiye niliyetenda! Someni mpaka mwisho, kisha mniseme mtakavyo.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi bati. Alitengeneza koroboi, masanduku ya wanafunzi, milango ya maduka. Alipofariki aliniachia mkasi, nyundo mbili na koleo. Shemeji zangu walicheka wakaniuliza, mwanamke na bati wapi na wapi? Nikawajibu kwamba mkasi haukati kwa ndevu. Mdomo ninao, ndivyo nilivyoumbwa, na mtaona mdomo huo ulinifikisha wapi.

Anayeijua Lodwar anajua joto lake. Saa nne asubuhi lipstiki imeshakuwa uji! Wanawake walikuwa wakibeba wanja kwenye kipande cha nailoni, mafuta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na kioo kilichovunjika wamekifunga kwenye leso. Ukifika harusini, mkoba wako umejipamba kuliko wewe. Nikajiuliza, kwa nini nisitengeneze kitu kimoja cha kubeba vyote, kinachoenea kiganjani, chenye kifuniko kisichopotea?

Kifuniko kisichopotea ni kile chenye bawaba, na hiyo bawaba ilinitoa jasho. Unaukunja ukingo wa bati uwe mirija midogo mitatu, miwili kwenye kikebe na mmoja kwenye kifuniko, halafu unapitisha spoki ya baiskeli katikati na kuzipinda ncha zake. Ukisikia hivyo ni rahisi, sivyo? Cha kwanza kilikaza sana, mchanga ukaingia, kikagoma kufunguka. Cha pili kikalegea, kikafunguka chenyewe mkobani na kuharibu gauni jeupe la jirani yangu siku ya ubatizo. Yule mama hakunisalimia mwezi mzima.

Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipokutana na Achol.

Achol ni Mdinka wa Sudan Kusini. Aliingia kambi ya Kakuma akiwa msichana mdogo, akakulia humo, akazalia humo. Alikuwa na meza yake sokoni. Wanja alisaga mwenyewe, na mafuta ya karkar, yale ya kunukia ya kwao, aliyapika mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Lopur, si mbali na kambi, na mama yangu yuko huko hadi leo. Siku moja nilipokwenda kumtembelea nilipita sokoni na vikebe vyangu kwenye kikapu. Achol alicheka akaziba mdomo, lakini nilishaona ana pengo la meno ya chini. Nikacheka na mimi nikamwonyesha langu. Yeye aling'olewa kwa mila za Wadinka, mimi kwa mila za Waturkana. Basi tukawa marafiki palepale!

Alikishika kikebe changu, akajaribu kukifungua kwa mkono mmoja, kikamshinda.

"Ukti," akaniambia, yaani dada kwa Kiarabu chao cha Juba, "hii umetengeneza ya nani? Mwanamke wa mikono mbili iko wapi hapa Kakuma? Mkono moja ni ya mtoto!"

Jamani, maneno yale yalinifungua akili. Nilirudi Lodwar nikakiunda upya. Niliweka ulimi mdogo mbele wa kusukuma kwa kidole gumba. Bawaba niliirefusha ikachukua mgongo mzima, na nikaipima ili kifuniko kikifunguka kisimame chenyewe, kioo kikutazame usoni. Ndani nikagawa vyumba viwili, kimoja cha wanja, kingine cha karkar, kwa sababu kijiti cha kupakia hulowekwa mafutani kwanza ndipo kikagusishwa kwenye wanja. Yote hayo tuliyapanga pamoja, yeye akisema na mimi nikikunja.

Vikapendwa ajabu! Wanawake wa kambini, wa mjini, hata walimu na manesi, kila mmoja alitaka chake. Lakini unajua walivyoviita? Waliviita "vya Achol". Mimi ndiye niliyekatwa vidole na bati, sifa zikaenda kwa mwenye wanja. Kusema kweli iliniuma. Sikumwambia. Niliiweka moyoni, ikakaa humo.

Achol alikuwa na sharti moja tu. Bati litoke kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, yale ya mgao wa chakula kambini, basi. Alizunguka kwa majirani zake akayakusanya, akayasafisha, akanitumia Lodwar. "Kitu inaingia macho ya mtu, lazima itoke kwa chakula," alikuwa akisema kila mara, mpaka nikawa namwigiza na tunacheka.

Kisha mgao ukapunguzwa. Madebe yakawa adimu, wengine wakaanza kuyazuia ya kwao wafunikie paa. Na wakati huohuo, mama mmoja mwenye nyumba za wageni kule Eliye Springs akaagiza vikebe sitini, vikiwa na wanja na karkar ndani, awawekee wageni wake vyumbani. Alikuwa akitegemea kundi kubwa la wageni baada ya wiki mbili. Sitini! Na mimi nina bati la vikebe sita.

Hapa Lodwar kulikuwa na mtu aliyeuza madebe matupu. Alinionyesha mazuri sana, bati nene, ndani linang'aa, halina hata doa la kutu. Nikamuuliza yalikuwa na nini. Akaniambia waziwazi, hakunificha: dawa ya kuogeshea mifugo, ya kuua kupe.

Nikampigia Achol simu. Nilimuuliza kwa mzaha, kama mtu anayepima tu, je, madebe ya dawa ya kupe yakioshwa vizuri?

Alipiga kelele. "La, la! Ukti, hiyo ni sumu! Usikate hiyo debe. Uniambie umesikia."

Nikamwambia nimesikia. Nilipokata simu nikayanunua.

Mnaniuliza kwa nini? Kwa sababu ya kiburi! Nilijiambia, Achol amekulia kambini kwa chakula cha kugawiwa, anajua nini kuhusu dawa ya mifugo? Mimi nimezaliwa zizini. Nimemwona mama yangu tangu utotoni akisafisha vyombo vya maziwa. Sisi chombo cha maziwa hatukioshi kwa sabuni. Tunatia makaa ya moto ndani, tunakitikisa na kukizungusha mpaka kinanukia moshi, tunakung'uta, basi, kimekuwa safi. Hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kuugua kwa chombo kilichopitishiwa moto. Basi nikayasugua yale madebe kwa mchanga, nikayaosha kwa sabuni, kisha nikayafanyia kama mama. Nikatia makaa, nikatikisa. Nikayaanika juani siku tatu. Nikatia pua ndani nikanusa. Moshi mtupu!

Lakini chombo cha maziwa ni mti ulioshika maziwa. Lile lilikuwa debe la sumu, na debe lina mishono. Pale bati linapokunjwa juu ya bati, moto wangu haukufika, wala mchanga, wala jua. Na mimi kwa ufundi wangu niliuona ule mshono una nguvu, nikautumia kutengenezea bawaba! Karkar ni mafuta mepesi. Yalipenya kwenye bawaba, yakarudi chumbani polepole, na hayakurudi peke yake. Haya nayajua leo. Siku ile niliona tu kwamba nimetengeneza vikebe vizuri kuliko vyote maishani mwangu.

Achol alipopokea vikebe ili avijaze alivishangaa. Akauliza bati zuri hivi limetoka wapi. Nikamwambia kuna shule inayopikia mafuta ya madebe ya namna hiyo. Akafurahi, akasema Mungu ni mwema. Alijaza sitini vya Eliye, na vingine ishirini akaviweka mezani pake.

Hazikupita siku kumi, mama wa Eliye akapiga simu akiwaka. Mgeni mmoja macho yamevimba hayafunguki, na wasichana wake wawili wa kazi vilevile. Akaniuliza jambo moja tu: ni kikebe au ni wanja?

Jamani, hapo ndipo nilipopewa nafasi! Swali fupi, jibu fupi. Nikafungua mdomo wangu huu na kusema, "Kikebe ni bati tu, mama. Wanja ni ya yule mkimbizi."

Sikumtaja hata jina. Mkimbizi! Mtu niliyekula naye sahani moja...

Habari haikai. Ilifika Kakuma kabla yangu, na kule nako macho yalishaanza kuwasha na kutoa machozi. Nilipanda gari kwenda, na naapa, njiani nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Nilikuta wanawake wamejaa mbele ya meza ya Achol. Mmoja amembeba mtoto mchanga, kope zimevimba, kwa sababu walimpaka wanja kama wanavyowapaka watoto. Kelele, matusi, kila lugha ya kambini. Waliponiona wakasema, huyu hapa fundi, aseme yeye.

Achol alinigeukia. Alitulia kabisa. Alinitazama kama mtu aliyeona shahidi wake amefika.

Nikasema, "Mimi natengeneza bati. Kilichomo ndani ya bati si changu."

Achol hakunigombeza. Nadhani hakuelewa kwamba nimemtupa, alidhani nimesema tu jambo lilivyo. Alichukua kikebe kimoja mezani, kimoja katika vile vipya. Akakifungua kwa kidole gumba, kikasimama vizuri na kioo chake. Akaloweka kijiti kwenye karkar, akagusa wanja, akajipaka jicho la kulia, kisha la kushoto. Wanawake wote wanamwangalia.

"Mimi nimesaga hii na mkono yangu," akawaambia. "Nitapaka hapa hapa, asubuhi na jioni, mbele yenu. Siku saba. Kama ni mbaya, ianze na mimi."

Na mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwake! Ningenyoosha mkono ningekipiga kile kikebe kikaanguka. Sikunyoosha. Nilijiambia, nitamwambia wakiondoka. Walipoondoka nikajiambia, nitamwambia kesho.

Nililala Lopur kwa mama. Asubuhi nilimkuta Achol ameshajipaka, macho mekundu, yanachuruzika. Akasema ni vumbi. Nikamwomba apumzike siku moja tu. Akakataa, akasema akiacha watasema ameogopa, na meza yake itakufa. Siku ya tatu alikuwa anakwepa jua kwa kiganja, ananiuliza kama ninaona ukungu. Ukungu, Kakuma! Nikamwambia inanibidi nirudi kwa watoto. Nikarudi Lodwar. Ndiyo, nilimwacha akiendelea kujipaka.

Siku ya saba binti yake, Nyibol, alinipigia. Wakati ule alikuwa kidato cha tatu. Alisema, "Mama haoni."

Hospitalini walimuuliza alikuwa anapaka nini machoni, akasema wanja. Wakamwambia ni wanja. Wangejuaje lingine? Jicho la kulia lilizibika kabisa. La kushoto linaona mwanga wa mlangoni, basi, mtu hamtambui.

Na mimi nikafanya nini? Nilizunguka kama mwehu, Lodwar, Kakuma mpaka Eliye, nikikusanya vikebe vyote. Nikavitumbukiza kwenye shimo la choo, pamoja na madebe yaliyobaki. Watu waliniuliza mbona navikusanya, nikawaambia nawaokoa na wanja mbaya. Yule mama wa Eliye alinisifu, akasema mafundi waaminifu kama mimi ni wachache. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, tena tambarare! Hakuna aliyenisimamisha.

Achol aliondoa meza yake. Nyibol aliacha shule ili amshike mama yake mkono. Nilisikia kwamba Jumapili moja Achol aliongozwa mbele ya kanisa, akawaomba wanawake wote msamaha. Aliwaambia alikuwa mjeuri, kwamba walimwambia wanja yake ni mbaya akabisha, na Mungu amemjibu kwa macho yake mwenyewe. Wanawake wakalia, wakamsamehe. Walimsamehe kosa langu!

Niliposikia hayo chakula kilikataa kupita. Nilikonda mpaka watoto wakadhani ninaumwa kifua. Nikavumilia mwezi, nikavumilia wa pili. Hatimaye nikasema liwalo na liwe, nikaenda.

Nilimkuta amekaa mlangoni pake, mkeka chini, anachambua dengu kwa vidole. Nikamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok." Akaijua sauti yangu, uso wake ukafurahi. Nikapiga magoti nikamwambia yote. Debe la dawa, simu yake, makaa ya moto, shule ya uongo, mshono, bawaba, swali la mama wa Eliye. Sikubakiza kitu. Nililia mpaka maneno yakawa hayatoki vizuri. Nyibol alikuwa ndani, akatoka, akasimama akisikiliza.

Achol alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu.

"Ukti," akasema, "wewe uko na roho mzuri. Unataka kubeba makosa yangu."

Nilidhani sikusikia vizuri! Nikamwambia hapana, dada, ni mimi, naapa kwa watoto wangu. Akanishika kinywa, akasema nisiape kwa watoto. Akasema yeye alijipima mwenyewe siku saba, kwa wanja yake mwenyewe, na majibu aliyapata. Kama ni bati, akauliza, mbona vikebe vya zamani havikumuumiza mtu? Nikamwambia vile vilikuwa vya mafuta ya mgao! Akasema, basi nipe kimoja cha hivyo vya dawa nikinuse.

Nimpe kipi? Vyote viko chooni.

"Unaona?" akaniambia, kwa upole, kama anambembeleza mtoto. "Kalas. Yameisha. Usijiue kwa ajili yangu. Siku ile sokoni wote walikuwa wananipigia kelele. Wewe peke yako hukusema mimi ni mbaya."

Nilimgeukia Nyibol. Nilimwomba amwambie mama yake aniamini. Nyibol alinitazama, na nikaona kwamba yeye ameamini, neno kwa neno. Alinisindikiza mpaka kwenye ua wa miiba. Hapo akaniambia kwa sauti ndogo, bila hasira, "Umesema. Amekataa. Sasa nenda, na usirudi tena hapa."

Sikukoma hapo. Nilikwenda kwa kiongozi wa wanawake wa kanisani, nikamweleza yaleyale. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma. Akasema rafiki kama mimi hapatikani siku hizi, anayekubali kujichafua ili kumsafisha mwenzake, lakini Achol alishakiri mwenyewe na amepata amani, kwa hiyo nisimchokoze kidonda. Akaniombea, akanipa chai.

Basi ndivyo nilivyo. Mkasi umelala chini ya kitanda. Natembeza samaki wakavu wa kutoka Longech, na kila mwanamke aliyepaka wanja akipita mbele yangu natazama chini. Nimeomba Mungu anipe adhabu ya wazi, watu waje wanishike, wanitukane kwa jina langu. Hawaji. Wananisalimia vizuri tu.

Wasomaji, nawasihi. Rafiki akikukataza jambo, usimwambie umesikia wakati moyo umekataa. Na ukikosea, mwenzako akawekewa kosa lako mbele ya watu, sema hapohapo, na sauti ikitetemeka iache itetemeke! Usingoje waondoke. Usingoje kesho. Mimi nilidhani ukweli ni kitu unachoweza kukiweka, ukaja kukitoa siku ukiwa tayari. Nilipoutoa hakukuwa na mtu wa kuupokea. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi msionijua, mniamini hata ninyi.

Nasikia Achol bado ananitaja katika sala zake za jioni. Anamwomba Mungu ambariki dada yake wa Lodwar, yule ambaye peke yake hakumsema vibaya.